Uzito wa Wawili

Mtaani kwetu Soweto walinishauri nitazame injini.
Wengine wakasema taa, wengine mlio.
Hakuna aliyetaja mbele,
maana mbele hakupigi kelele,
kunazama tu.

Ukigusa breki ilipiga magoti
kama mdaiwa aliyekutana na mwenye duka.
Ukiingia kona ilitaka mjadiliane kwanza.
Nikazoea. Nilidhani pikipiki kubwa
ndivyo zilivyo, zina maoni yao.

Fundi Ambakisye, nyuma ya soko la Mwanjelwa,
hata kuiwasha hakuiwasha.
Aliinua tairi la mbele kwa jeki na kipande cha mkaratusi,
akashika usukani kwa vidole viwili,
akauzungusha taratibu, amefumba macho,
kama anayetafuta stesheni kwenye redio.
"Hapa," akasema. "Shika usikie."
Katikati kabisa palikuwa na kijishimo:
gololi zimechimba kikombe miaka yote hiyo
zikitazama mbele tu,
Mbeya, Makambako, Makambako, Mbeya.
Njia iliyonyooka iliacha kovu,
kona ndiyo ikalisoma.

Kisha akafunga uzi mwekundu kwenye shokapu,
akaushusha mpaka kwenye sili.
"Kaa." Nikakaa. "Shuka." Nikashuka.
Uzi ulibaki juu, shahidi:
milimita sitini na mbili.

Mimi ni mpima ardhi.
Nimepima chai ya Rungwe hadi shina la mwisho,
nimeamua kesi za migomba kwa kamba na bikoni.
Sikuwahi kupimwa.

"Springi hizi," akasema,
"zilikatwa kwa mtu wa kukisiwa.
Mwembamba, hana mizigo, barabara ya kwao meza."
Akatoa kalamu nyuma ya sikio.
Kilo? Themanini na nne.
Vifaa? Kumi na tisa, pamoja na miguu mitatu ya darubini.
"Unabeba mtu?"

Hapo nikanyamaza.
Tangu Kitonga, Tusekile hajapanda.
Hatukuanguka. Ndilo jambo lenyewe:
lori lilitoka upande wetu, nikashika breki,
mbele ikazama, ikayumba, ikarudi,
na mikono yake kiunoni mwangu ikawa ubao.
Ruaha Mbuyuni alinunua gunia zima la vitunguu
ili apate sababu ya kupanda basi.

"Andika wawili."
"Ukiwa peke yako itakurusha."
"Andika wawili."

Springi zilikuja na basi la usiku kutoka Dar,
ndani ya mfuko wa sembe.
Oili ya zamani ilitoka nyeusi, inanuka samaki.
Alikata kipande cha bomba la maji,
akakisawazisha kwa msasa, akikichungulia kama filimbi,
akakikalisha juu ya springi.
Beringi mpya shingoni. Grisi mpaka kwenye viwiko.

Jumamosi nikapanda Chimala kwenda Matamba,
kona ambazo kila dereva ana hesabu yake.
Breki: ikainama kidogo, kwa adabu, basi.
Kona ya tatu nilitazama ninakotaka kwenda
na kumbe nimeshafika.
Lakini penye makorongo ilinirusha,
springi zinadai deni la mtu ambaye hayupo.
Kila shimo: mwenzio yuko wapi?

Nilirudi giza limeingia, vumbi mpaka kwenye kope.
Tusekile alitoka na mwiko mkononi.
Hakuuliza bei, na uongo wa bei nilikuwa nao tayari.
Aliweka mwiko juu ya tangi,
akashika usukani, akabonyeza kwa uzito wake wote.
Ikashuka. Ikapanda mara moja, ikatulia.
Akabonyeza tena.
"Haizami," akasema, kama anayelaumu,
akakimbilia viazi vyake vinavyoungua.

Mwiko aliuacha.

Uzi mwekundu sijautoa.
Ambakisye alichora alama ya wino
pale utakapofika mkikaa wawili.
Asubuhi naushusha, nakaa, nashuka, nachuchumaa kutazama.
Bado upana wa kidole.